Kifurushi Kimefika Dar, Mugango Kitafika Lini?

Mtu wa Mugango, mkoani Mara, akiagiza kitu kutoka ng'ambo kwa simu yake, kulipa humchukua dakika chache tu. Maswali huanza baadaye, na kila anayewasaidia wenzake kuagiza ameyasikia: "Wameandika kimeshafika Tanzania, mbona sijaitwa?" "Kimekaa China wiki ya tatu hii, nimeibiwa?" "Niende Posta Musoma nikawaulize?" Watu hulipa nauli ya kwenda mjini na kurudi, wakifika dirishani wanaambiwa bado, wiki inayofuata wanalipa tena.

Lawama yote huangukia Posta, na zipo siku inaistahili. Lakini ukiifuata safari ya kifurushi kituo kwa kituo, utagundua kuwa sehemu kubwa ya kuchelewa iliamuliwa kabla hujalipa: kwa njia ya usafirishaji uliyoichagua, anwani uliyoiandika, aina ya bidhaa na msimu ulioagizia. Ukishalipa, yanabaki mambo mawili tu mikononi mwako, nayo ni kujua mzigo ulipo na kuhesabu siku zako za kudai fedha.

Safari yenyewe

Tuseme fundi simu ameagiza vioo kutoka Shenzhen kwa usafirishaji wa bei ya chini kabisa. Muuzaji ana siku zake za kuandaa oda, na wengi hutengeneza lebo na kukutumia namba kabla hawajapeleka kitu popote. Ndiyo maana siku za mwanzo mtandao husema tu kwamba taarifa za mzigo zimepokelewa. Maana yake karatasi ipo, mzigo bado uko kwa mwenyewe.

Baada ya hapo kifurushi huenda ghala la kukusanyia, huchambuliwa, hupita forodha ya China, kisha hukabidhiwa kwa shirika la ndege. Vipeto vya bei nafuu husubiri nafasi inayobaki ndegeni, na ndege ikijaa hungoja inayofuata. Vingine hupitia Addis Ababa, Dubai au Doha na kubadilishiwa ndege huko. Air Tanzania huruka kati ya Dar es Salaam na Guangzhou, lakini anayechagua ndege ni posta ya kule mzigo unakotoka. Wewe huulizwi.

Kikitua Dar es Salaam, hupokelewa na kituo cha Posta kinachobadilishana mizigo na nchi za nje, hukaguliwa na forodha ya TRA, ndipo hupangwa kwa mikoa. Kutoka hapo hadi Musoma ni zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara. Kwa hiyo "kimefika Tanzania" ni habari njema, ila bado kuna ukaguzi, uchambuzi na safari ndefu ya gari kabla hujaitwa.

Namba yako inasema nini

Jifunze kuisoma namba ya ufuatiliaji, maana itakuokolea nauli. Namba inayofuata utaratibu wa Umoja wa Posta Duniani, chombo kilichoasisiwa Bern mwaka 1874, ina alama 13: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ulikotoka mzigo. Ikiishia na CN, umetumwa na posta ya China. Ikiishia na GB, Uingereza.

Herufi ya kwanza ndiyo muhimu zaidi. E ni EMS, huduma ya haraka ya posta. C ni kifurushi cha kawaida. R ni rejista, yaani hupokelewa kwa sahihi kila kinapokabidhiwa. U ni kipeto kisichofuatiliwa. Chenye U huweza kuonekana kikitoka nchi ya muuzaji, kisha kikanyamaza mpaka siku unapokishika mkononi, na kimya hicho hakimaanishi kimepotea. Ulilipa kidogo, na ufuatiliaji ndicho kitu kilichopunguzwa.

Namba ikiwa ya mtindo mwingine kabisa, huenda ni ya kampuni ya usafirishaji ya soko ulikonunua. Muulize muuzaji swali moja: "Mzigo ukifika Tanzania utakabidhiwa kwa nani, na kwa namba ipi?" Usipouliza utaenda Posta na namba ambayo mfumo wao hauitambui.

Kimya kirefu kuliko vyote huwa kati ya hatua mbili: kuondoka kituo cha nchi inayotuma, na kuwasili kituo cha nchi inayopokea. Katikati hapo mzigo uko kwenye mifuko ya barua, uwanjani au angani, na mara nyingi hakuna anayeusoma kwa mashine. Wiki za kimya hapo ni jambo la kawaida, na kwenda Musoma kuuliza hakusaidii, kwa sababu Musoma hawana wanachokiona. Subiri mpaka uone kuwa umepokelewa Dar. Hatua ya kuifunga safari ni pale inapoandikwa kuwa umefika ofisi ya kukabidhi. Ikitajwa Musoma, hapo toa nauli.

Anwani: andika kama unamwelekeza mgeni

Mitandao ya nje mingi haiijui Mugango. Hukupa orodha ya mikoa na miji uchague. Chagua Mara, kisha Musoma, ndipo uandike yaliyobaki kwenye mstari wa anwani. Msomaji wa Butiama awe makini zaidi: wilaya yake ilimegwa kutoka Wilaya ya Musoma mwaka 2012, na orodha nyingine za nje bado hazina habari hiyo. Asilazimishe jina ambalo halimo. Aangalie ni ofisi gani ya Posta atakayokwenda kuchukulia, aandike mji huo. Wa Bunda naye aandike Bunda, mzigo usije ukapitilizwa Musoma bure.

Jina liwe lile lililo kwenye kitambulisho chako cha Taifa. "Mama Nyamizi" au "Fundi Maji Mugango" linatosha sokoni, lakini dirishani utaombwa kitambulisho. Weka namba ya simu inayoanza na +255, sifuri ya mwanzo uiache. Andika sanduku la posta, S.L.P., pamoja na mji. Kama sanduku ni la shule, parokia au halmashauri, tanguliza jina lako, kisha c/o na jina la mwenye sanduku, na mwenyewe awe na habari. Vifurushi vingi hukaa kabatini mwa ofisi ya shule kwa sababu mwalimu aliyevipokea hamjui mwenyewe.

Ongeza postikodi. Nchi yetu ina postikodi za tarakimu tano, na za Mkoa wa Mara zinaanza na 31. Ya kata yako utaipata kwa mtendaji au kwenye programu ya NaPA, ile ya anwani za makazi. Mwishoni kabisa andika TANZANIA kwa herufi kubwa. Ukimaliza, piga picha ya skrini ya anwani hiyo. Ukija kudai, utahitaji kuonyesha kuwa wewe hukukosea.

Vitu vinavyochelewa kwa asili yake

Wavuvi wetu wa dagaa wameachana sana na karabai, wakahamia taa za LED, na bei ya taa hizo mtandaoni inavutia. Tatizo ni betri. Betri za lithiamu zinazosafiri peke yake, pamoja na zile za kuchajia simu, haziruhusiwi katika posta ya ndege kwa sababu ya hatari ya moto. Zilizofungwa ndani ya kifaa zina masharti yake. Kwa hiyo taa yenye betri huweza kurudishwa kwa muuzaji, au ikapewa njia nyingine ya polepole bila wewe kujua. Nunua taa tupu, betri uinunue Musoma au Mwanza. Utaona unachonunua, na ikifa baada ya mwezi unajua duka la kuirudisha.

Nyavu nazo zina mtego wake. Mtandaoni nyavu za timba zinauzwa waziwazi kwa sababu kwingine ni halali. Kwa mvuvi wa ziwa letu ni nyavu haramu. Usitegemee kwamba kitu kikiuzwa mtandaoni basi kinaruhusiwa hapa.

Dawa na vifaa tiba viko chini ya TMDA, vyakula na vipodozi chini ya TBS, na ndege ndogo zisizo na rubani zinahitaji vibali. Kitu cha namna hiyo kikikutwa bila kibali kitazuiliwa, na kila siku kinayokaa kizuizini wewe utaihesabu kuwa ni uzembe wa Posta. Simu, kabla hujaipa laini, ibonyeze *#06# upate namba ya IMEI, uihakiki kwa utaratibu wa TCRA. Simu bandia zilizimwa nchini Juni 2016, na hatari hiyo haijaisha.

Agiza kwa kalenda

Mvuvi wa dagaa tayari anaishi kwa kalenda: giza anaingia ziwani, mbalamwezi anapumzika na kutengeneza nyavu. Atumie akili ileile kwenye kuagiza.

Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari. Viwanda hufungwa, wafanyakazi hurudi vijijini kwao, na oda hujikusanya kabla na baada. Mwaka 2027 sikukuu hiyo ni tarehe 6 Februari. Wiki ya tarehe 1 Oktoba ni sikukuu ya taifa lao. Tarehe 11 Novemba ni siku ya punguzo kubwa katika masoko ya China, kisha hufuata Ijumaa ya punguzo ya Wamarekani na msongamano wa Krismasi. Bei nzuri za Novemba zina gharama yake katika siku za kusubiri. Kinachohitajika shule zinapofunguliwa Januari, kiagizwe mapema Septemba au kinunuliwe hapa nchini.

Posta au wakala?

Kipeto kidogo chepesi, mfano vioo vya simu, vipuri vya cherehani au kitabu, kinafaa kwa Posta. Kundi la vipeto vidogo lina ukomo wa kilo 2. Zaidi ya hapo unaingia kwenye bei ya vifurushi, na hesabu inabadilika.

Mzigo mzito au wa biashara mpeleke kwa wakala anayekusanya mizigo China na kuileta Dar es Salaam. Wa ndege hutozwa kwa kilo na hufika haraka. Wa meli hutozwa kwa ujazo, na kuanzia ghalani Guangzhou hadi uutoe Dar uweke mwezi mmoja hadi miwili, wakati mwingine zaidi. Mwambie muuzaji aandike juu ya boksi jina lako na namba yako ya simu, upate picha ya boksi kabla halijaondoka, na udai risiti inayoonyesha kilo au ujazo. Uliza pia kama bei ya wakala imejumlisha ushuru. Wengi hujumlisha, lakini mpaka ukione kwenye maandishi usikihesabu.

Kutoka Dar, mzigo wa wakala huja Musoma kwa basi. Chukua stakabadhi ya basi, namba ya gari na namba ya ofisi yao ya Musoma. Na kabla ya yote hayo, mpigie mtu Kariakoo au Mwanza. Vitu vingi tunavyovisubiri kutoka ng'ambo vimekwisha kuletwa na mfanyabiashara kwa kontena. Tofauti ya bei ikiwa ndogo, nunua kilichopo.

Forodha na kodi

Wengi hushtuka kuambiwa walipe tena. Bei uliyolipa mtandaoni ni ya muuzaji na msafirishaji. Ushuru wa forodha ni habari nyingine, na hata zawadi ya ndugu aliyeko Uingereza au Marekani hukaguliwa. Viwango vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 0, 10, 25 na 35, kulingana na aina ya bidhaa. Juu yake huja Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, pamoja na tozo ndogondogo.

Fanya hesabu kabla ya kulipa. Bidhaa yenye thamani ya shilingi 200,000 pamoja na usafirishaji, ikiwa kwenye kundi la asilimia 25, ushuru ni 50,000. VAT huhesabiwa juu ya 250,000, nayo ni 45,000. Jumla 95,000, karibu nusu ya bei. Kama ukijumlisha hivyo kitu bado kina faida, agiza.

Usimwombe muuzaji aandike thamani ya uongo. Afisa wa forodha anaweza kuikadiria upya, na mzigo ukikaa kwa mabishano unazidi kuchelewa. Ukipotea, utadai fidia kwa thamani gani? Ile ya dola mbili uliyoomba iandikwe? Hifadhi risiti halisi ya malipo kwenye simu, forodha wakiitaka uitume siku hiyohiyo.

Malipo halali ya kodi yana namba ya malipo ya serikali. Ukipata ujumbe kwamba mzigo wako umekwama, "tuma 15,000 kwenye namba hii" yenye jina la mtu binafsi, huyo ni ndugu wa wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Usibonyeze kiungo chake. Upeleke ujumbe huo namba 15040 ya TCRA.

Siku za madai zinakimbia

Hapa ndipo watu hupoteza fedha kwa upole wao. Wanasubiri kwa subira, na wakati huohuo muda wa kudai unakwisha. Siku unayolipa, andika kwenye daftari tarehe nne: uliyolipa, ya mwisho ya muuzaji kutuma, ya mwisho ya mzigo kutarajiwa, na ya mwisho ya ulinzi wa mnunuzi. Zote huonekana kwenye ukurasa wa oda yako. Wiki moja kabla ya tarehe ya nne, kama mkono wako hauna kitu, fungua dai. Hutakuwa umemkosea muuzaji adabu. Utaratibu huo umewekwa kwa ajili hiyo.

Kila soko lina sheria yake. eBay hutoa siku 30 baada ya tarehe ya mwisho ya kutarajiwa kufika. Ukilipa kwa PayPal, una siku 180 tangu siku ya malipo kufungua mgogoro. Masoko ya Kichina huweka hesabu ya siku zinazopungua, uisome mwenyewe. Muuzaji atakuandikia kwa maneno matamu: "Rafiki mpendwa, ongeza subira kidogo, usifungue dai, tutakutumia mwingine." Mjibu kwa heshima, na dai ulifungue. Akiongeza muda rasmi ndani ya mfumo wa soko, kubali, ukabadilishe tarehe daftarini. Ahadi iliyo nje ya mfumo haikulindi. Na usibonyeze kitufe cha kuthibitisha umepokea mpaka umefungua boksi na kukijaribu kitu.

Kwa upande wa posta, sheria za Umoja wa Posta Duniani zinaruhusu ulizo la mzigo kupokelewa ndani ya miezi sita tangu siku iliyofuata ya kutumwa. Kwa kawaida ulizo huanzia kwa posta ya mtumaji, kwa hiyo mbane muuzaji alifungue. Mzigo wa rejista, kifurushi na EMS una mlango wa fidia. Kipeto cha kawaida hakina, na hapo tegemeo lako ni soko ulikonunua.

Ukifika dirishani

Nenda na kitambulisho, namba iliyoandikwa kwenye karatasi, na picha ya hatua ya mwisho mtandaoni. Usiulize tu "mzigo wangu umefika?" Sema: "Mfumo unaonyesha umetoka Dar tarehe fulani kuja Musoma. Naomba mniangalizie." Swali lenye tarehe humpa karani pa kuanzia. Kama mzigo uko forodha Dar es Salaam, karani wa Musoma hawezi kuutoa. Mwombe akuonyeshe namna ya kuwasiliana na huko, badala ya kumgombeza.

Ukiletewa boksi limechanika au linaonekana jepesi kuliko uzito ulioandikwa kwenye lebo, lisiondoke kaunta. Omba lipimwe na hali yake iandikwe ukiwapo. Ukitoka nje ya mlango, ushahidi wako umekwisha. Kama lalamiko lako halijibiwi, liandike kwa barua kwa meneja, ubaki na nakala yenye mhuri. Likishindikana, nakala hiyo ndiyo utakayoipeleka TCRA, ambao husimamia huduma za posta na wana ofisi ya Kanda ya Ziwa Mwanza. Bila nakala utaanza upya.

Na usiache mzigo ukae baada ya kuitwa. Usiochukuliwa hurudishwa ulikotoka, na safari hiyo hakuna soko litakalokurudishia fedha kirahisi.

Nimalizie na ushauri kwa vikundi. Walimu wa shule moja, vicoba, mafundi wa mtaa mmoja na wavuvi wa mwalo mmoja wanaweza kukodi sanduku moja Musoma kwa jina la kikundi, wakachagua mtu mmoja anayekwenda mjini mara kwa mara kushika ufunguo na daftari la kupokelea. Kila mzigo uandikwe jina la mwenyewe na simu yake, c/o kikundi. Nauli itagawanywa, hakuna mzigo utakaorudishwa kwa kukosa wa kuuchukua, na siku ya kudai mtakuwa na kumbukumbu za maandishi. Ada ya sanduku ni ya mwaka, na mkichangishana haimuumizi mtu. Lipieni sanduku kwanza, oda zifuate.